Kitongoji cha watu 480 nacho kina wagonjwa

Mhariri salaam. Stori zenu za India nazisoma zote ila kila siku ni Mumbai, Delhi, roketi na matajiri, sasa naomba siku moja mtushushe vijijini, maana sensa ya 2011 ilikuta watu kama milioni 833 wanaishi huko, yaani kwenye kila watu 100 wa nchi ile karibu 69 ni wa kijijini.

Kilichonifanya niandike ni kwamba kule idadi ya watu ndo inayoamua kama utapata barabara au hupati. Desemba 2000 serikali ya waziri mkuu Vajpayee ilianzisha mpango wa barabara za vijijini, PMGSY, na sharti lake kwa maeneo ya tambarare ni makazi yawe na watu 500 kwenda juu, milimani, jangwani na kwa makabila ya wenyeji wa asili, Adivasi, ni 250. Nisiwanyime sifa zao, zaidi ya kilomita laki saba zimeshajengwa na si mchezo. Lakini sasa kitongoji chenye watu 480 kinafanyaje? Kinasubiri, labda kiwe na jirani ndani ya mita 500 ili wahesabiwe pamoja. Kwani mjamzito wa kitongoji cha watu 480 anajifungua tofauti na wa kile cha 520?

Na hesabu zenyewe zimechakaa. Mwanzo walitumia sensa ya 2001, awamu ya nne iliyopitishwa Septemba 2024, ya kuunganisha makazi 25,000, inatumia ya 2011, kwa sababu ile ya 2021 ilikwama na Korona ikasogezwa hadi sasa inatajwa 2027. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa 2012 ameshakuwa wa kwenda sekondari, anakanyaga matope kila msimu wa monsuni, na kwenye hesabu ya barabara hayupo kabisa!

Halafu kuna majedwali ya sensa yanayoonyesha huduma za kila kijiji. Kama basi halifiki, wanaandika herufi tu: a ni chini ya kilomita 5, b ni 5 mpaka 10, c ni zaidi ya 10, basi imeisha. Hiyo c inaweza kuwa 11 inaweza kuwa 40, na hata ile a inayoonekana nafuu jaribu kuitembea mwezi wa saba njia imekatwa na maji na una mgonjwa kwenye kitanda cha kamba mmembeba mabegani, uone kama ni karibu.

Kijiji cha Gehlaur kule jimbo la Bihar wanalijua hili. Dashrath Manjhi, kibarua asiye na kitu, baada ya kumpoteza mkewe alichukua nyundo na patasi akachonga mlima kupasua njia kuanzia 1960 hadi 1982, mwenzangu miaka 22, safari ya Atri kwenda Wazirganj ikashuka kutoka kilomita 55 hadi 15 hivi. Sifa alipewa tele, ila mimi nikimfikiria huwa nakasirika zaidi kuliko kufurahi.

Tena barabara peke yake haibebi mtu. Jimbo la Karnataka tangu Juni 2023 wanawake wanapanda mabasi ya serikali bure, jambo zuri sana, ila bure ya basi lisilofika kwenu ni bure kweli kweli, utalipia bajaji iliyojazwa watu au utembee. Bihar angalau walifikiria mapema, kuanzia 2006 wakawapa wasichana wa darasa la tisa hela ya kununua baiskeli, na wengi wakabaki shuleni.

Basi mhariri, matokeo ya hiyo sensa yakitoka msituletee tu ligi ya India na China nani ana watu wengi. Tafuteni ni makazi mangapi yamevuka 500 tangu 2011, na mangapi kati ya hayo bado hayana njia.

Msomaji wenu