Matangi ya vilimani nayo ni urithi wetu

Mhariri,

Ikitajwa historia ya Mombasa, mazungumzo huanzia Ngome ya Yesu na kuishia Mji wa Kale. Ngome inastahili: Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011. Ninachoomba ni kwamba matangi ya maji yaliyo juu ya vilima, Nguu Tatu likiwemo, nayo yahesabiwe.

Kisiwa hiki hakina mto. Wazee wetu walitegemea visima. Baadaye maji yalivutwa kutoka chemchemi za Marere, Shimba Hills, kisha Mzima huko Tsavo, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, na hatimaye Baricho kando ya Mto Sabaki. Maji ya Mzima huteremka yenyewe kwa kuwa chemchemi iko juu. Ya Baricho hayana bahati hiyo. Husukumwa kwa pampu za umeme mpaka Nguu Tatu, ndipo yashuke mitaani. Umeme ukikatika kule, mifereji hukauka huku na bei ya mtungi wa lita 20 hupanda. Mtoto wa Kisauni hulijua tangi kwa macho tu, kama alama ya kumwelekeza mgeni. Ni nani aliyemweleza kazi yake?

Kwingine wamejali. Huko St. Louis, Marekani, mnara wa maji wa Compton Hill wa mwaka 1898 uliacha kazi mwaka 1929, lakini haukubomolewa; watu hupanda ngazi zake kuutazama mji.

Sisi tunayo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, inayomruhusu waziri kutangaza jengo kuwa mnara wa kumbukumbu katika gazeti rasmi la serikali. Makumbusho ya Taifa na serikali ya kaunti waanze kwa kuorodhesha matangi na mabomba ya zamani, kabla vilima havijamezwa na nyumba. Tangi linalotumika halifunguliwi ovyo, hilo naliunga mkono kabisa, maana ni maji ya kunywa. Lakini kibao chenye maelezo ya Kiswahili nje ya ua, na siku maalumu ya wanafunzi kuzuru wakiongozwa na mafundi wa maji, ni mambo yanayoweza kuanza mwaka huu.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa