Subaru Haina Laana: Mambo Tunayowaambia Wateja Wetu Hapa Nakuru

Kila wiki kuna mteja anayeingia gereji yetu na swali lile lile. Mmoja anataka kujua kama ni kweli Subaru zote huunguza hedi gasketi, kile kizibio chembamba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku ya silinda. Mwingine ameshauriwa na shemeji yake aiuze Forester yake upesi kabla haijamfilisi. Juzi mwalimu mmoja kutoka Njoro, mama wa heshima zake, alituuliza kama Subaru ni gari la vijana wa mbio tu, maana alikuwa ameipenda Impreza moja kwenye yadi akaogopa wenzake shuleni watasemaje.

Tunatengeneza Subaru kuliko gari lingine lolote, na tunazipenda. Kwa hiyo ni haki yenu tuwaambie ukweli wote. Gari hili lina udhaifu unaojulikana, lakini sehemu kubwa ya sifa yake mbaya katika barabara zetu imetokana na kutunzwa kana kwamba ni Probox. Injini yake imeundwa kwa namna nyingine, nayo inadai vitu vingine. Anayevijua vitu hivyo hulitumia gari lake miaka na miaka, halafu akamfundishia mtoto wake udereva humo humo.

Watu wa ndege walioingia kwenye magari

Tuanze na chimbuko, kwa sababu linaeleza mengi. Mwaka 1917 Chikuhei Nakajima, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini la Japani, alianzisha karakana ya ndege mjini Ota, mkoa wa Gunma. Kampuni yake ikakua hadi kuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa ndege za kivita nchini humo. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Japani ilipigwa marufuku kuunda ndege na kampuni ikavunjwa vipande. Mainjinia wakabaki na ujuzi na vyuma vilivyojaa stoo, bila kazi. Mwaka 1946 wakatoa skuta iliyoitwa Rabbit, na zile za mwanzo zilitembelea matairi ya magurudumu ya mkia wa ndege yaliyokuwa yamebaki. Mwaka 1953 vipande vitano vya kampuni ile vikaungana tena na kuzaa Fuji Heavy Industries. Nembo unayoiona mbele ya gari lako ni hadithi hiyo: Subaru ni nyota za Kilimia kwa Kijapani, ile kubwa ni kampuni iliyozaliwa, na zile tano ndogo ni zile zilizoungana. Kampuni nzima ilikuja kuitwa Subaru rasmi mwaka 2017. Na kwa wale wanaotuambia "afadhali Toyota", Toyota yenyewe inamiliki asilimia 20 ya Subaru.

Gari lao la kwanza kuuzwa kwa wingi lilikuwa Subaru 360 la mwaka 1958, dogo sana. Injini ya pistoni zilizolala, ambayo ndiyo roho ya Subaru mpaka leo, iliingia na Subaru 1000 mwaka 1966. Kisha likaja jambo ambalo mkazi wa Molo au Elburgon atalielewa mara moja. Kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilikuwa na mafundi waliohitaji kufikia nyaya milimani wakati wa theluji. Jeep zilikuwa zinafika, lakini kuzipanda kutwa nzima kulikuwa mateso. Wakaomba gari la kawaida, lenye starehe ya kawaida, ila magurudumu yote manne yavute. Kutokana na ombi hilo likaundwa gari la majaribio mwaka 1971, na mwaka 1972 Subaru Leone inayovuta kwa magurudumu yote manne ikaanza kuuzwa. Kila Forester inayopanda matope ya Mau mwezi wa Aprili ikiwa na familia ndani, haina kishindo cha lori na haina haja ya kusukumwa, ni mjukuu wa lile ombi la mafundi wa umeme.

Safari Rally, mbio za magari za hapa Kenya, ilimaliza kazi iliyobaki ya kutufanya tulipende. Mwaka 1993 Patrick Njiru alilipeleka Subaru Vivio, kigari cha injini ya cc 660, hadi mwisho wa mashindano na kumaliza wa 12, huku magari makubwa yakikatikia njiani. Colin McRae akashinda Safari kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akarudia mwaka 2000. Watoto waliosimama kando ya barabara miaka hiyo wakipigwa vumbi ndio wanunuzi wa leo. Hilo ndilo pendo. Upande wa pili, Subaru likahusishwa na mbio, na askari kanzu, na gari lisilolala nyumbani. Mwalimu wetu wa Njoro alirithi hofu hiyo bila kosa lake. Tulimwambia achukue Impreza ya lita 1.5 isiyo na turbo na asijali maneno.

Injini iliyolala

Katika magari mengi pistoni zimesimama, zinapanda na kushuka. Kwenye Subaru zimelala, mbili kushoto na mbili kulia, zikirushiana ngumi kama mabondia. Faida yake unaihisi kwenye kona za Sachangwan: uzito uko chini, gari halitaki kulala upande. Gharama yake ni kwamba kila kitu cha juu ya injini kiko viwili. Hedi mbili, hedi gasketi mbili, kava za valvu mbili, na zote ziko pembeni na chini, mahali ambapo oili na maji hutulia hata gari likiwa limezimwa. Ile harufu ya kuungua unayoisikia ukisimama kwenye foleni mara nyingi ni oili inayovuja kwenye kava ya valvu na kudondokea bomba la moshi. Hiyo si ya kuogopesha. Ni gasketi ndogo na kazi ya asubuhi moja.

Hedi gasketi ndiyo ya kuogopesha. Injini iliyoleta kilio kikubwa ni EJ25, ya lita 2.5 isiyo na turbo, ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka ya 2000. Gasketi iliyowekwa kiwandani haikuvumilia, ikaanza kuvujisha maji au oili kwa nje taratibu. Malalamiko yalikuwa ya kweli, kiasi kwamba mwaka 2004 Subaru iliwaita wateja wake wa Marekani wenye baadhi ya magari hayo waongezewe dawa maalumu kwenye mfumo wa kupozea. Siku hizi tunapofungua EJ25 tunarudisha gasketi ya chuma ya tabaka kadhaa, na hedi tunaipeleka kunyooshwa kabla ya kufunga. Fundi anayekuambia atabadilisha gasketi bila kupima unyoofu wa hedi, chukua ufunguo wako uondoke.

Lakini Subaru nyingi zinazotufikia zikiwa zimechemka si EJ25. Ni EJ20 za kawaida, za lita 2.0, injini ngumu kabisa, zilizouawa na mfumo wa maji.

Sikilizeni jambo hili, wateja wetu wa njia ya Eldoret. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Hapa Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, yanachemka kwa nyuzi 94. Timboroa, juu ya mita 2,700, ni nyuzi 91 tu. Injini yako hufanya kazi kwenye joto lile lile popote ulipo, pwani au mlimani. Kinachozuia maji yasichemke ni presha, na presha hiyo inashikiliwa na kifuniko cha radieta, kitu kinachotosha kwenye kiganja. Kifuniko kikishindwa, mlima unakumaliza ukiwa huna habari.

Tulipokea Forester moja iliyovutwa kutoka upande huo. Mpira wa ndani wa kifuniko ulikuwa umekauka hadi ukimomonyoka kwa kucha. Ndani ya radieta maji yalikuwa ya rangi ya kutu, kwa sababu kwa muda mrefu lilikuwa linaongezewa maji ya bomba na ya kisima kila kituo cha mafuta. Maji ya kisima ya huku kwetu yana chumvi nyingi, na chumvi hiyo huganda kwenye njia nyembamba za radieta. Tulivuta hewa ya kwenye radieta ikapita katika dawa ya buluu tunayotumia kupima. Dawa ikageuka njano mbele ya macho ya mwenye gari. Maana yake moshi wa ndani ya silinda umeshaingia kwenye maji, na gasketi imekwisha. Kifuniko kipya kingeliokoa gari hilo.

Kwa hiyo weka kulanti halisi, ile dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa kwa kipimo, usiweke maji matupu. Badilisha kifuniko kabla hakijakulazimisha. Hakikisha feni zote mbili zinazunguka. Na gari likitoka kwa fundi aliyemwaga maji, muulize kama ametoa hewa, maana injini hii iliyolala huficha hewa pembeni. Kujaza kwake ni kwa utaratibu: unamimina polepole, hita ikiwa wazi, hadi mapovu yaishe. Anayejaza kwa dakika mbili akafunga boneti amekuachia hewa ndani. Mshale wa joto ukipanda, simama hapo hapo. Usiseme utafika tu Mau Summit.

Oili

Kijiti cha kupimia oili ndicho rafiki wa mwenye Subaru. Kila ukijaza tangi mara mbili, kipime kijiti asubuhi injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi ni taa ya presha. Ikiwaka, madhara yameshaanza, na mwisho wake ni injini iliyonoki.

Injini mpya za FB, zilizoanza mwaka 2010, hazina mkanda wa taimingi, ule unaooanisha valvu na pistoni, zina cheni, na tatizo la gasketi limepungua mno. Ila baadhi ya zile za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa kula oili, hadi kesi ikafunguliwa Marekani na kampuni ikakubali mwaka 2016 kurefusha dhamana. Kwa hiyo hata Forester yako mpya mpya kutoka Mombasa ipime.

Na tafadhali acheni kumimina 20W-50 kwa sababu fundi amesema nzito ndiyo bora. Injini hizi nyingi hutumia presha ya oili kusogeza muda wa valvu, kupitia matundu madogo sana. EJ nyingi tunawekea 5W-30, FB inataka 0W-20, na kwa vumbi letu tunabadilisha kila kilomita 5,000. Wenye turbo wasizidishe hata siku moja.

Mengine kwa haraka

Mkanda wa taimingi kwenye EJ hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, kwenye nyingi ya injini hizo pistoni hugonga valvu, na bili yake ni ya injini nzima. Gari la mtumba lisilo na karatasi za matengenezo tunalihesabu kuwa halijabadilishwa, hata mita ikisoma ndogo, na tunabadilisha pamoja na pampu ya maji na roda zake.

Matairi: yote manne yawe saizi moja, aina moja, na yamelika sawa. Tofauti ya mzunguko isizidi milimita 6 hivi. Ukinunua mawili mapya ukaacha mawili makuukuu, giaboksi inafikiri gari linateleza muda wote na kuungua taratibu. Tunajua matairi manne kwa mpigo ni mzigo. Giaboksi ni mzigo zaidi.

Giaboksi ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, ina oili yake maalumu. Kuwekewa ile ya giaboksi otomatiki ya kawaida kunaiua, na tumeziona.

Kuhusu ule mlio wa kunguruma wa Subaru za turbo mnaoupenda, ulitokana na mabomba ya moshi yasiyo na urefu sawa kutoka kwenye silinda hadi kwenye turbo. Legacy za turbo za Japani zilipowekewa mabomba yaliyo sawa mwaka 2003, mlio ukapotea na nguvu ikabaki. Kukata mafla hakukuongezei hata nguvu ya farasi mmoja, na majirani wa mtaa wa Section 58 wana watoto wanaolala.

Kabla hujalipa

Ukipata Subaru kwenye yadi au kwa mtu, tuletee kabla ya kutoa hela. Mwambie muuzaji asiliwashe asubuhi hiyo, tunataka kulisikia likiwaka baridi. Asioshe injini pia, maana uvujaji tunausoma kwenye uchafu, na injini inayong'aa imefichwa kitu au imeoshwa na mtu asiyejua. Tunapima moshi kwenye maji, tunapima presha ya mfumo, tunaangalia matairi, tunalipandisha mlima kuelekea Menengai likiwa na mizigo ya watu wanne, kisha tunalirudisha na kuliacha linanguruma dakika ishirini huku tukitazama tangi dogo la kulanti. Mapovu yakianza kutoka mfululizo, tunakuambia uachane nalo, hata kama rangi yake umeipenda. Yasipotoka, tunakuandikia kwenye karatasi vitu vya kubadilisha mwezi wa kwanza, na bei ya kila kimoja, ili ukapatane na muuzaji ukiwa unajua.