Rudisheni kona ya marafiki wa kalamu, safari hii iwe ya postikadi za mkanda

Mhariri, salaam.

Kuna msomaji mwenzetu aliandika kwenye ukurasa huu kwamba stempu sasa hivi zipelekwe makumbusho maana kila kitu kinapita WhatsApp, nikaona hapana, hapa siwezi kunyamaza. Ndugu yangu huyo labda hajui kuna watu bado tunapiga picha kwa kamera za mkanda, yaani zile za filamu, tunasafisha wenyewe gizani, tunazichapa saizi ya postikadi alafu tunazituma posta hivyohivyo bila bahasha. Na sio wazee tu, vijana wapo tena wengi.

Mchezo wenyewe wa kubadilishana kadi unaenda hivi. Watu wanajiandikisha, tuseme wamefika kumi na tano, kila mmoja anachagua negativu yake moja anayoipenda, ile picha iliyo kwenye mkanda uliosafishwa, anachapa kadi za kuwatosha wote, nyuma anaandika maneno mawili matatu na anwani, anabandika stempu, basi, kazi yake imeisha anabaki kusubiri za wenzake. Sharti ni moja, picha itoke kwenye mkanda na ichapwe kwa mkono kwenye karatasi ya dawa, ile inayoshika picha ikipigwa mwanga, ukileta ya printa umejitoa mwenyewe. Wenzetu Uingereza na Marekani wanafanya hivi miaka mingi, mpaka Ilford, watengenezaji wa mikanda na karatasi za picha, wanatoa karatasi maalum ya kazi hii, inchi 4 kwa 6, mgongoni tayari imechapwa kama postikadi.

Sasa huku kwetu karatasi hiyo kuipata ni shughuli kwa hiyo tunakata wenyewe. Hapa wengi wanaharibu. Wanachukua shiti ya 8 kwa 10 wanaikata vipande vinne, wanapata 4 kwa 5, kumbe kwa kanuni za posta za kimataifa kadi haitakiwi kupungua sentimita 9 kwa 14, na inchi 5 hazifiki hizo 14. Kata tatu za 4 kwa 6, itabaki kipande kidogo cha 2 kwa 4, usikitupe, hicho ndo cha kujaribia mwanga kabla hujachoma karatasi nzima. Alafu hizi karatasi za kisasa zina plastiki mbele na nyuma, peni ya kawaida inateleza na wino unachafuka ukipitisha kidole, tumia maka peni isiyofutika. Na joto letu la pwani jamani, dawa inatakiwa nyuzi 20 lakini maji ya bomba hapa Tanga mchana ni kama chai iliyoanza kupoa, kwa hiyo chupa ya developa, dawa ya kutoa picha, inakaa kwenye beseni la barafu, na wengi tunachapa usiku, giza lenyewe la bure.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba hizo kadi kumi na tano za negativu moja hazifanani. Unapochapa unapitisha mkono chini ya taa kuzuia mwanga sehemu fulani, uso usiwe mweusi sana, mawingu yaongezewe kidogo, na mkono haurudii kitu sawasawa mara mbili. Kwa hiyo aliyepata kadi yangu kule Leeds na aliyepata Morogoro kila mtu ana yake ambayo hakuna mwingine anayo. Na mgongo ndo utamu wenyewe, mtu anakuandikia kamera gani, mkanda gani, siku hiyo alikuwa wapi na alikula nini. Picha ya WhatsApp haina mgongo.

Na msije mkasema ni mambo ya kizungu. Zanzibar kulikuwa na A. C. Gomes na wanawe, kulikuwa na Coutinho Brothers, hawa wote walikuwa wapiga picha wenye studio na postikadi zao za zaidi ya miaka mia moja iliyopita leo watu wa Ulaya wanazinunua kwa minada. Capital Art Studio pale Mji Mkongwe ilianza 1930. Huko Marekani nako Kodak walitoa kamera mwaka 1903, ile 3A, negativu yake ilikuwa saizi ya postikadi kabisa, unailaza tu juu ya karatasi unapiga mwanga unapata kadi bila mashine ya kukuzia, watu wa kawaida wakawa wanatumiana picha za watoto wao na maduka yao. Na sisi wa redioni je? Nani hakununua kadi za salamu akajaza majina ya jamaa zake wote akazituma posta asubiri kusikia jina lake? Kutuma kadi tunakujua siku nyingi.

Nakubali posta ina kasoro zake, kadi zingine zinafika zimekwaruzwa, zingine hazifiki kabisa. Na wageni wanashangaa anwani yangu ni S.L.P. tu hakuna mtaa wala namba ya nyumba, mmoja aliniuliza hiyo ni nyumba ya aina gani. Lakini tusipoitumia itaondoka kweli, Denmark shirika lao PostNord limeacha kusambaza barua mwisho wa 2025 baada ya miaka 400 na ushee, imebaki kazi ya kampuni binafsi, na hao ni watu wenye hela.

Sasa mhariri ombi langu ni hili. Zamani magazeti yetu yalikuwa na kona ya marafiki wa kalamu, jina, umri, sanduku la posta, na chini yake uraibu, kusikiliza muziki, kubadilishana picha na mawazo. Tupeni nafasi ndogo tu kama ile, hata Jumamosi moja moja, wenye kamera za mkanda waandike kwenu nanyi mtukutanishe, anwani za watu zibaki ofisini kwenu mtukabidhi sisi wenyewe wa mchezo. Mzunguko wa kwanza napendekeza kadi zote ziwe zimetumwa kabla ya tarehe 9 Oktoba, ni Siku ya Posta Duniani, siku ulipoanzishwa Umoja wa Posta Duniani kule Bern mwaka 1874. Wa Mombasa, Bujumbura, Lubumbashi, Muscat, wote karibuni.

Na kama kuna mwenye studio ya zamani, ile mashine ya kukuzia picha imelala stoo inapigwa na vumbi, tafadhali asiwape watu wa vyuma chakavu. Naye aandike, bei tutaelewana.

Mpiga picha za mkanda,
Tanga