Risala ya Mabeki wa Timu ya Shule kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Michezo

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa bodi, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi chini ya mwembe huu na jua likiwa kali namna hii. Karibu sana.

Risala ya Siku ya Michezo husomwa na nahodha, na nahodha wetu miaka yote amekuwa fowadi. Mwaka huu walimu wametuachia sisi mabeki, wa timu ya wavulana na ya wasichana, kwa sababu leo, kwa mara ya kwanza, ukishamkabidhi zawadi mfungaji bora utamkabidhi na beki bora. Tumeomba zawadi hiyo iitwe kwa jina la Lilian Thuram wa Ufaransa. Wengi mmetuuliza huyo ni nani, maana alitundika daluga kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Tulisimuliwa habari zake na mwalimu wetu wa michezo. Tarehe 8 Julai 1998, saa nne usiku kwa saa zetu, mwalimu alikuwa kijana, amebanana na watu sebuleni kwa jirani mwenye televisheni. Ilikuwa nusu fainali ya Kombe la Dunia, Ufaransa na Kroatia, pale Stade de France nje kidogo ya Paris. Kipindi cha pili kimeanza tu, Davor Šuker wa Kroatia akapenyezewa mpira, akafunga. Hakuwa ameotea, kwa sababu namba mbili wa Ufaransa, yaani beki wa kulia, alikuwa amebaki nyuma wakati mabeki wenzake wameshapanda. Namba mbili huyo ndiye Thuram.

Mheshimiwa, kila aliyewahi kucheza nyuma anaijua dakika ile. Mpira uko wavuni, kipa anakutazama, uwanja mzima unajua ni wewe. Wengi wetu hapo miguu huwa mizito, na mpira unaofuata tunaubutua tu uende popote. Thuram alipanda. Dakika moja hivi baadaye alikuwa karibu na boksi la Kroatia, akampokonya mpira Zvonimir Boban, akampasia mwenzake Youri Djorkaeff, akarudishiwa, akafunga. Ilipofika dakika ya 70 akafunga la pili kwa mguu wa kushoto, na yeye ni mtu wa mguu wa kulia. Kisha akapiga goti, akaweka kidole mdomoni, akatulia kama mtu anayefikiria hesabu ngumu. Mwalimu anasema pale sebuleni watu waliokuwa wanapiga kelele walinyamaza, wakawa wanamtazama tu.

Thuram aliichezea timu ya taifa ya Ufaransa mechi 142. Magoli aliyofunga katika mechi zote hizo ni hayo mawili. Siku nne baadaye Ufaransa iliifunga Brazil 3-0 ikatwaa kombe, na yeye akachaguliwa mchezaji wa tatu kwa ubora katika mashindano yote. Rekodi yake ya mechi 142 ilikaa hadi Desemba 2022, alipoipita kipa Hugo Lloris kule Qatar.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1972 mjini Pointe-à-Pitre, kisiwa cha Guadeloupe katika bahari ya Karibi. Mama yake, Mariana, aliwalea watoto watano peke yake. Mama alitangulia Ufaransa kutafuta kazi, na Lilian akamfuata akiwa na miaka tisa. Shuleni huko wenzake wakampachika jina la ng'ombe mweusi wa kwenye katuni ya televisheni. Katika katuni hiyo kulikuwa na ng'ombe wawili, mweupe mwenye akili na mweusi mpumbavu. Mtoto alirudi nyumbani akamuuliza mama kwa nini wanamwita vile. Mama akamjibu kwamba watu ndivyo walivyo, ni wabaguzi, na hawatabadilika. Thuram amesimulia mara nyingi kwamba jibu lile halikumtosha. Sisi tunaamini maisha yake yaliyofuata yalikuwa kulitafuta jibu la pili.

Mpira alianzia kwenye timu za mtaani karibu na Fontainebleau, na kocha Arsène Wenger ndiye aliyempa nafasi kikosi cha kwanza cha Monaco. Mwaka 1996 akaenda Parma ya Italia, ambako mwaka 1999 walichukua Kombe la UEFA. Mwaka 2001 akahamia Juventus, wakatwaa ubingwa wa ligi mwaka 2002 na 2003, kisha mwaka 2006 akaenda Barcelona. Katikati ya hayo lipo Kombe la Ulaya la mwaka 2000, alilotwaa na timu ya taifa. Alikuwa kiraka: ukimtaka namba mbili yupo, ukimtaka katikati yupo. Ukitazama mikanda yake utaona jambo moja ambalo kocha wetu hutukumbusha kila jioni. Thuram hakuwa na haraka ya kulala chini kuupora mpira. Alimsindikiza mshambuliaji, akamsukuma taratibu kuelekea mstari wa pembeni, akasubiri ule mguso mmoja mrefu kidogo, ndipo akauchukua mpira. Beki aliyelala chini ameshamaliza kazi yake, apate asipate. Beki aliyesimama bado yupo mchezoni.

Mwaka 2006, mwezi Septemba, familia za wahamiaji zilikuwa zimetolewa na polisi kwenye jengo moja la Cachan, karibu na Paris. Thuram na mchezaji mwenzake Patrick Vieira wakawaalika makumi ya watu wale kuja kutazama mechi ya Ufaransa na Italia. Baadhi ya wanasiasa walikasirika. Na mwaka 2008 alianzisha taasisi ya kufundisha dhidi ya ubaguzi wa rangi, inayosimamia neno lake kwamba mtu hazaliwi mbaguzi, anakuwa mbaguzi baada ya kuzaliwa. Tangu hapo amekuwa akiingia madarasani kuwauliza watoto maswali, watoto wa umri uleule aliokuwa nao alipoitwa jina la ng'ombe. Wanawe wawili nao ni wachezaji. Mkubwa ni Marcus, aliyepewa jina la Marcus Garvey, mtetezi wa haki za watu weusi, na mdogo Khéphren, jina la farao wa Misri.

Lakini mheshimiwa, sababu kubwa ya sisi kulichagua jina hili iko kwenye namna alivyoacha mpira.

Mwaka 2008, akiwa na miaka 36, alikuwa anajiunga na Paris Saint-Germain. Kabla ya usajili alipimwa afya kama kawaida, na madaktari wakakuta kasoro kwenye moyo. Tatizo hilo ndilo lililokuwa limemuua ndugu yake. Mtu aliyecheza miaka kama kumi na saba katika ngazi ya juu, anayejiona mzima kabisa, akaambiwa moyo wake una hitilafu. Hakubishana na kipimo, akastaafu. Miaka mitano kabla ya hapo, Juni 2003, Marc-Vivien Foé wa Kamerun alikuwa ameanguka uwanjani Lyon katika nusu fainali ya Kombe la Mabara, akafariki. Moyo wake nao ulikuwa na ugonjwa uliojificha kimyakimya.

Mwaka jana katika mazoezi ya jioni, pale karibu na goli la upande wa barabarani, mwenzetu anayecheza sentahafu alianguka bila kuguswa na mtu. Tulidhani ni kiu. Mmoja akammwagia maji, mwingine akaanza kumpepea kwa jezi, wengine tukasimama tu tumeshika vichwa. Mama mmoja muuza vitumbua nje ya uzio ndiye aliyekimbia kusimamisha bajaji. Mungu ni mwema, alizinduka njiani. Alipimwa baadaye, akaambiwa asicheze tena. Yuko hai kwa rehema za Mungu na kwa mbio za mama yule. Sisi wachezaji kumi na saba tuliokuwa pale hatukujua la kufanya, na hilo linatuuma mpaka leo.

Kwa hiyo maombi yetu ni mawili, na tumekubaliana tusiyachanganye na nyavu wala mipira, ingawa navyo tunavihitaji.

Kwanza, tunaomba utusaidie kufikisha ombi letu kwa wahusika ili wachezaji wote wa shule, kabla ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, wapimwe moyo. Tunafahamu nchi yetu ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na tunafahamu wataalamu wa moyo huenda mikoani. Daktari akipita kwetu siku moja tu, akasikiliza vifua na kuuliza nani kwao kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, atakuwa ametufaa sana.

Pili, tunaomba mkufunzi wa huduma ya kwanza atufundishe, wanafunzi na walimu, namna ya kumbonyeza kifua mtu ambaye moyo umesimama. Tumesoma kwamba mikono huwekwa katikati ya kifua na kubonyeza kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kusoma tumesoma, lakini mikono yetu haijawahi kufanya.

Zawadi ya Thuram utaletewa mezani na mwenzetu huyo aliyeanguka. Sasa ndiye anayeshika saa na daftari la timu, na majina ya walioteuliwa ameyaandika yeye kwa mkono wake baada ya kututazama msimu mzima akiwa kwenye benchi. Ametukatalia katakata kutuambia nani ameshinda.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.