Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha muziki wa Kiayalandi,

Mwaka huu kamati yenu ilifanya uamuzi mmoja mzito, nami ningependa kuutolea maelezo kabla ya mengine yote. Tulipunguza maonyesho ya mwezi Machi, tukaelekeza nguvu kwenye darasa la watoto la Jumamosi. Najua wapo waliokereka. Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, Machi 17, ndiyo siku ambayo kila ukumbi hapa Chicago husaka wapiga muziki wa Kiayalandi, na malipo yake yalikuwa yakitunisha hazina yetu. Lakini ikifika Aprili simu hunyamaza, na swali la nani atashika fidla baada yetu linabaki palepale.

Mji huu hasa haufai kulikwepa swali hilo. Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork huko Ayalandi aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago kuanzia 1901 hadi 1905, alikusanya vibao kutoka kwa wahamiaji wenzake. Yeye alipiga, askari mwenzake James O'Neill akaandika noti, na mwaka 1903 kikatoka kitabu chenye vibao 1,850. Kule New York naye Michael Coleman, mpiga fidla kutoka Sligo, alirekodi santuri zilizovuka bahari kurudi Ayalandi, wapigaji wa huko wakaanza kuiga mtindo wake. Hivyo asituambie mtu kwamba sisi wa Marekani ni wapokeaji tu.

Na watoto wa hapa wanaweza. Liz Carroll alizaliwa Chicago mwaka 1956, na mwaka 1975 alitwaa ubingwa wa Ayalandi nzima wa fidla kwa wakubwa.

Darasani tunafundisha kwa sikio. Mwalimu hupiga vipimo viwili vya jigi, kibao cha dansi cha Kiayalandi, polepole, watoto huvirudia kwa filimbi za bati, kisha huongeza viwili vingine, hadi sehemu ya kwanza ikamilike. Karatasi ya noti hutolewa mwishoni, kwa anayetaka kukumbushwa. Wazazi wengine wangependa karatasi itangulie. Nawaelewa, ila noti haionyeshi mahali pa kuvuta pumzi, wala jinsi upinde wa fidla unavyoegemea pigo moja na kuliachia jingine. Hayo mtoto huyapata akiwa amekaa karibu na anayejua.

Ndiyo maana nina ombi kuhusu kikao chetu cha Alhamisi jioni, tunapoketi duara na kupiga pamoja. Duara letu limekuwa la wazoefu mno. Tunaunganisha rili tatu, vile vibao vya dansi vya kasi, bila kupumua, na kijana aliyekuja na vibao vyake vinne anarudi nyumbani bila kufungua kasha. Kuanzia sasa nusu saa ya kwanza iwe ya mwendo wa taratibu, na vijana ndio waanzishe. Wazee wetu, kaeni katikati yao, si upande wa pili wa meza.

Hesabu atawasomea mhazini. Mapato yameshuka, kama tulivyotarajia, na ada zenu ndizo zitakazoziba pengo; ambao hawajalipa wamwone leo kabla hawajaondoka. Mwenye fidla ndogo ya mtoto isiyotumika amkabidhi katibu, kwani wapo wanaosubiri zamu. Nafasi mbili za ujumbe wa kamati ziko wazi, na majina tutayapokea hadi mwisho wa mapumziko ya chai.