Mstari wa Bears bado haujapimwa

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo maana huku Chicago tunaoshabikia Bears, timu yetu ya futiboli ya Marekani, tumeshaanza kubishana kiangazi hiki cha 2025, na msimu wenyewe haujaanza. Wengi wanasema tatizo la mstari wetu, wale watano wa mbele wanaomlinda mrusha mpira, limekwisha, eti kaletwa Joe Thuney mwenye mataji manne ya Super Bowl, fainali ya ligi, kaja Jonah Jackson, kaja na Drew Dalman wa kati, basi kotabeki wetu, yaani mrusha mpira, Caleb Williams atalala usingizi. Jamani! Huyu kijana msimu wa 2024 kaangushwa na mpira mkononi mara 68, hakuna aliyeangushwa zaidi yake kwenye ligi nzima, na tukamaliza kwa kushinda mechi 5 tukafungwa 12.

Mi nakubali hao watatu ni watu wa kazi, lakini kila mmoja ametoka timu yake, hawajawahi kusimama bega kwa bega hata mechi moja ya ligi. Kazi ya wale watano wa mbele ni kama kupiga kasia, mmoja akichelewa tu mtumbwi unayumba. Halafu kushoto pembeni, kule anakosimama wa kulinda mgongo wa Williams, nani atacheza? Braxton Jones ametoka kuumia kifundo cha mguu na Ozzy Trapilo ndo kwanza katoka chuo. Hapo ndo roho inaniuma. Kocha Ben Johnson amchague mtu mmoja mapema wazoeane, asiwe anawabadilisha kila wiki mpaka Septemba ligi inapoanza, Williams hawezi kuvumilia msimu mwingine wa namna ile.

Shabiki wa Bears,
Chicago, Marekani