Waromani nao muwape ukurasa

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kila mwaka mnatoa makala za Vita Kuu ya Pili na mauaji ya Wayahudi, na hilo ni jambo jema muendelee nalo, ila Waromani, lile kabila lililotawanyika Ulaya ambalo wengine huliita Gypsy (si raia wa Romania), mnawaruka kama vile hawakuwepo, na wakitajwa basi ni habari za wizi na kupiga ramli. Jamani, Wanazi waliua laki kadhaa za hawa watu! Usiku wa tarehe 2 Agosti 1944 pale Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, zaidi ya Waromani elfu nne waliingizwa vyumba vya gesi, wengi wazee, akina mama na watoto, na Ujerumani Magharibi ikaja kukiri kuwa yalikuwa mauaji ya kimbari mwaka 1982.

Wasomaji wangemjua profesa Ian Hancock, Mromani aliyezaliwa London 1942. Mimi kilichonivuta ni kwamba usomi wake ulianzia Afrika, alichunguza Krio, ile lugha ya Sierra Leone, akapata udaktari Chuo Kikuu cha London 1971, ndo akaenda kufundisha Texas na huko akaanza kukusanya nyaraka za watu wake. Yeye ni kati ya waliopaza sauti kuhusu kitu ambacho shuleni hatukufundishwa, kwamba kwenye Romania ya leo Waromani walikuwa watumwa karibu miaka 500, mali ya watawala, mabwanyenye na monasteri, wanauzwa, wanatolewa zawadi, mama huku mtoto kule, mpaka 1855 na 1856. Mtu wa Bagamoyo haelezwi hiyo maana yake nini. Hancock aliwasemea mpaka Umoja wa Mataifa, na 1997 Rais Clinton akamteua kwenye baraza la Marekani la kumbukumbu ya Holokosti, yaani hayo mauaji ya Wanazi.

Na sio mambo ya kale tu. Mji wa Ostrava kule Cheki, zaidi ya nusu ya watoto wa Kiromani walikuwa wanapelekwa shule za wenye ulemavu wa akili, mtoto ana akili zake timamu kabisa! Watoto 18 wakafungua kesi, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikawapa ushindi Novemba 2007, umri wa shule ya msingi ushawapita.

Ombi langu, tarehe 8 Aprili, siku ya Waromani duniani, au hiyo 2 Agosti, toeni hata ukurasa mmoja, na muwanukuu wasomi wao wenyewe.

Msomaji wenu, Bagamoyo